Kilomita Mbili za Mwisho: Watu wa Kando ya Ziwa Duluti Wanavyofika Barabarani

Kutoka katikati ya Arusha hadi Tengeru ni kilomita 13 hivi za lami, na kifodi, yaani daladala ya huku, kinakufikisha kwa nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kutoka Tengeru kushukia nyumba zilizo kando ya Ziwa Duluti hakuzidi kilomita mbili, lakini bodaboda wa kukupeleka huko mara nyingi atataka zaidi ya ulichompa konda. Mgeni huamua hapo hapo kwamba amepigwa. Pengine kweli, maana nauli ya bodaboda ni mapatano, na anayevuta begi la magurudumu hutajiwa bei yake. Lakini hata mzaliwa wa hapo hulipia kilomita mbili hizo ghali kuliko zile 13, na sababu zipo: umbo la ziwa, udongo wa Meru, na jinsi vyombo vya usafiri vilivyokuja kimoja baada ya kingine bila cha awali kuondoka.

Duluti ni ziwa la kreta. Maji yamejaa kwenye shimo la volkano. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Eneo lake ni hekta 60 na kidogo, na kina chake ni kama mita tisa, ingawa vijiweni bado wapo wanaoapa kwamba halina mwisho. Kingo zake ni kali na zimefunikwa na msitu wa hifadhi wa hekta 19 hivi. Ndani ya msitu ipo njia ya miguu inayozunguka maji, na ni ya miguu tu. Nyumba, mashamba na vyuo vimekaa juu ya ukingo, kwa hiyo barabara ama inazunguka ama inafia njiani. Hakuna inayokatiza.

Wengi huuliza kwa nini hakuna mtumbwi wa kuvusha watu. Piga hesabu. Ziwa hili lingekuwa duara kamili, upana wake ungekuwa karibu mita 900. Mtumbwi wa makasia unaokwenda kilomita nne kwa saa ungevuka kwa dakika 13 au 14. Ongeza kushuka ukingo, kumngoja mvushaji aliye ng'ambo, kisha kupanda ukingo wa pili ukiwa na mzigo. Anayezunguka nusu ya ziwa kwa miguu anatembea kilomita 1.4, tuseme 1.7 kwa ajili ya kona za njia, na dakika 25 zinamtosha. Mtumbwi haumpunguzii kitu. Ndiyo maana mitumbwi ya Duluti imebaki kuwa ya kutembeza wageni na ya wavuvi wachache, haijawahi kuwa usafiri wa kijiji.

Miguu ndiyo iliyochora ramani ya hapa. Mito na makorongo ya Mlima Meru upande huu hushuka kuelekea kusini, na njia za zamani za Wameru zilifuata migongo ya ardhi iliyo katikati ya makorongo hayo. Matokeo yake yapo hadi leo: kupanda mlimani au kushuka barabarani ni rahisi, lakini kwenda kitongoji cha jirani, mashariki au magharibi, ni kushuka korongo, kuvuka, na kupanda tena. Ukiwa na gari inabidi ushuke hadi lami, uende pembeni, kisha upande mgongo mwingine. Mtu wa miguu anakatiza kwa robo saa safari ambayo gari linaizunguka kwa kilomita nne au tano.

Mwendo wa wiki nao una umbo lake. Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, na siku hizo mbili ndizo zinazoamua nani atapata usafiri na nani atangoja. Mkungu wa ndizi una kilo 25 hadi 35. Kichwani, juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, mama mzoefu anaufikisha sokoni kilomita mbili bila kuutua, lakini ni mmoja kwa safari moja. Kila chombo kilichoingia baadaye kilipimwa kwa swali hilo hilo: kinabeba mikungu mingapi, na tope likija kinafanyaje?

Reli iliyofika Moshi mwaka 1911 ilifikishwa Arusha mwaka 1929, ikaupa mzigo wa kahawa njia ya kwenda pwani. Kwa mtu wa Duluti haikubadilisha safari ya kwenda kwa jirani, ila ilileta malori, kwa sababu mzigo lazima ufikishwe stesheni. Kwa reli na malori ndivyo walivyofika pia wakimbizi wa Kipolandi kuanzia mwaka 1942. Walitoka Umoja wa Kisovyeti kupitia Iran, wakavuka bahari hadi Afrika Mashariki, na Tengeru ikawa makazi yao makubwa kuliko yote katika eneo hili, watu wapatao 5,000, wengi wakiwa wanawake na watoto. Walikaa kwenye vijumba vya mviringo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa kwa nyasi, si mbali na ziwa. Ndani ya makazi hayo mlikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba, maana watu elfu tano wasio na magari hawawezi kuishi kwa namna nyingine: kila kitu cha kila siku lazima kifikiwe kwa miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makazi yalifungwa, na majengo yaliyobaki yakawa sehemu ya vyuo. Makaburi yao bado yapo, na ni moja ya safari ambazo bodaboda wa Tengeru huzijua bila kuelekezwa.

Baada ya Uhuru barabara kuu ilikuwa na mabasi, yakiwemo ya KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, lakini hayakuacha lami. Land Rover na pikapu zenye mabenchi mawili nyuma zilishuka vijijini siku za soko, kiangazi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera, mafuta na vipuri viliadimika na hata hizo zikapungua. Biashara ilipofunguliwa zikaja Hiace, na vifodi vikaijaza barabara ya Arusha hadi Usa River. Hiace ni gari la lami. Tumbo lake liko chini, na faida yake inatokana na kujaza na kugeuza haraka, kwa hiyo dereva hana sababu ya kukuingiza kilomita mbili za mashimo kwa ajili ya abiria watatu. Hapo ndipo kile kipande cha mwisho kilipoachwa kwa vyombo vidogo.

Baiskeli ilikuwa ya kwanza. Phoenix yenye keria ya nondo inabeba mikungu miwili au gunia moja, lakini kwenye mlima haipandwi, inasukumwa. Toroli linabeba kama hivyo na linapita mahali popote anapopita mtu. Mkokoteni ndio uliobeba mzigo wa kweli, na bado unaonekana siku za soko: ekseli ya gari iliyokatwa, matairi mawili ya rimu 13 au 14, mbao, na mikono miwili mbele. Kupanga mzigo ni kazi ya ujuzi. Uzito ukizidi mbele unamlemea mvutaji mabegani; ukizidi nyuma unamnyanyua hadi miguu inaacha ardhi. Mzigo mzuri huacha uzito kidogo tu mbele ya ekseli, kiasi cha kuushusha mkono bila nguvu. Breki haina. Mafundi hupigilia kipande cha tairi kuukuu chini ya ubao wa nyuma, na kwenye mteremko mvutaji hunyanyua mikono ya mkokoteni ili mkia uburuze ardhini na kupunguza mwendo. Kipande hicho kikiisha, mvutaji anakimbia mbele ya kilo 300 akiwa hana pa kwenda. Ajali nyingi za mikokoteni chanzo chake ni hicho, na kukibadilisha ni kazi ya misumari minne.

Kisha ikaja pikipiki. Zilikuwapo kabla, za maofisa ugani na mapadri, lakini za kubeba abiria zilienea mwishoni mwa miaka ya 2000, na kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara zikatoka mwaka 2010. Abiria mmoja, kofia ngumu mbili, leseni ya biashara. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Siku ya soko jioni utaona mambo mengine.

Turudi kwenye nauli. Pikipiki ya 125 au 150 cc katika njia ya milima inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Kukushusha Duluti na kurudi Tengeru ni kilomita nne: sehemu ya kumi ya lita. Petroli ikiwa shilingi 3,000, mafuta ya safari nzima ni shilingi 300. Kwa hiyo anayelalamika kwamba nauli imepanda kwa sababu ya mafuta, na dereva anayejitetea kwa mafuta, wote wawili hawagusi penyewe. Kinacholipwa ni vitu vingine. Cha kwanza ni kurudi mtupu: kijiwe kiko barabarani, na chini ziwani hakuna abiria anayengoja. Cha pili ni hesabu. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mtu, wanapeleka kiasi fulani kila siku, au wako kwenye mkataba wa kulipa hadi pikipiki iwe yao. Siku ya mvua hesabu haipungui ingawa safari zinapungua. Cha tatu ni kungoja, kwa sababu dereva anakaa kijiweni muda mrefu kuliko anaokuwa barabarani. Cha nne ni uchakavu: mteremko unakula breki, vumbi linakula mnyororo. Kifodi kinagawa gharama zote hizo kwa watu 15 au zaidi na kinapata abiria pande zote mbili. Bodaboda anazigawa kwa mmoja.

Vumbi la hapa linastahili kusemwa vizuri. Ni udongo wa majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe. Likichanganyika na grisi ya mnyororo linakuwa msasa. Mnyororo uliopakwa oili chafu ya injini unakusanya vumbi zaidi kuliko uliofutwa kwa dizeli na kupakwa kiasi kidogo. Ulegevu wake, ukiunyanyua kwa kidole katikati ya sproketi mbili, uwe sentimita mbili hadi tatu. Ukikazwa zaidi ya hapo, abiria akipanda na springi zikabonyea unavuta beringi za gurudumu la nyuma. Ukilegea mno unaruka meno mlimani, mahali pabaya pa kukosa nguvu. Upepo wa tairi ni jambo la pili linalodharauliwa. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Wengi hujaza zaidi ili tairi lisichoke haraka, halafu mvua ya kwanza ikinyesha wanashangaa kuteleza.

Tope lenyewe lina hila. Mvua ya dakika kumi juu ya vumbi kavu ni mbaya kuliko ya saa mbili, kwa sababu inalowesha juu tu na kuacha utando wa utelezi juu ya ardhi ngumu. Ikiendelea, udongo unaanza kunata, unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Ndiyo sababu pikipiki nyingi za huku madigadi ya mbele imepandishwa juu au imetolewa. Kwenye mteremko dereva mzuri anaweka gia ya kwanza au ya pili tangu juu, anaiacha injini ishike, na anagusa breki ya nyuma kidogo kidogo. Anayeshika breki ya mbele kwenye tope huanguka ubavu kabla hajajua. Na abiria akae wima akiegemea upande anaoegemea dereva. Anayejivuta upande wa pili kwenye kona kwa woga ndiye anayeiangusha pikipiki.

Bajaji kwa nini hazishuki ziwani masika, wakati Noah zinashuka? Wengi husema ni udogo wa injini. Sababu kubwa iko chini. Magari yamechimba mikondo miwili barabarani, na katikati kumebaki tuta la nyasi na mawe. Gari linatembea ndani ya mikondo. Bajaji ina gurudumu moja mbele, na hilo linatua juu ya tuta. Magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya gari, kwa hiyo yanaegemea kingo za ndani za mikondo na kuteleza. Ongeza kwamba matairi yake ni ya rimu 8, yanayozama kwenye shimo ambalo tairi la gari linaliruka. Barabara ikichongwa, bajaji zinarudi wiki hiyo hiyo. Ukitaka kujua hali ya njia bila kushuka, angalia kama kuna bajaji zinazotoka huko.

Guta la matairi matatu linapata shida hiyo hiyo ya gurudumu la mbele, na zaidi mzigo wake ukiwa juu linapinduka kwenye kona. Kwa mizigo ya ujenzi kirikuu, kile kijilori cha Kijapani, ndicho kimeshinda. Kwao Japani kibali chake ni kilo 350. Hapa kinapakiwa mifuko kumi ya saruji, kilo 500, na springi za nyuma zinasimulia.

Sasa barabara zenyewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu nchini. Za kuingia vijijini, tangu Julai 2017, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Vichochoro vya kwenda majumbani si vya yeyote kati yao. Hivyo ni vya kitongoji na vinatengenezwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wananchi. Anayepeleka malalamiko mahali pasipo pake atazungushwa mwaka mzima, kwa hiyo swali la kwanza kwa mtendaji wa kijiji ni kama njia imeorodheshwa TARURA.

Mahali pengi shida inayodhaniwa ni ya udongo huwa ni ya maji. Njia iliyochongwa bila mgongo hukusanya maji katikati, na kwenye mteremko maji hayo huwa mto mdogo unaochimba mfereji masika moja. Mgongo unatakiwa uwe juu ya kingo kwa sentimita 10 hivi kwa njia ya upana wa mita nne, na mitaro pande zote iwe na milango ya kutoa maji kwenda shambani kila baada ya umbali mfupi. Milango hiyo ndiyo inayoleta ugomvi, maana kila mwenye shamba anataka maji yatokee kwa mwenzake. Ikizibwa, maji yanarudi barabarani. Kalavati la sentimita 60 huziba kwa majani ya migomba na tope la mvua mbili; la sentimita 90 mtu anaweza kuingia na koleo kulizibua. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kulichimbua upya, lakini mara nyingi kinachonunuliwa ni lile dogo. Moramu ikimwagwa kabla mitaro haijachimbwa inakwenda na maji, na wananchi husema imeibwa. Mahali penye mteremko mkali, mistari miwili ya zege kwa ajili ya matairi inadumu kuliko moramu ya kila mwaka, mradi katikati yake pajazwe mawe. Pakiachwa udongo mtupu, maji yatachimba chini ya zege na kuivunja.

Lami nayo imebadilika. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14, kilipanuliwa kuwa njia nne katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Kwa anayekwenda mjini ni nafuu kubwa. Kwa mtu wa miguu, barabara imekuwa pana mara mbili na magari yana kasi zaidi. Kwa bodaboda, upande wa pili ambao zamani ulifikiwa kwa kukatiza sasa unafikiwa kwa kwenda hadi penye kipenyo cha kugeuzia na kurudi. Wengine hawafanyi hivyo, wanapita kinyume kando ya barabara, na ajali za hapo chanzo chake kinafahamika. Ukipanda, mwambie dereva tangu mwanzo akushushe upande wako ule ule, uvuke mwenyewe kwa miguu penye kivuko.

Kilichopunguza safari kuliko chombo chochote ni simu. Baada ya M-Pesa kuingia mwaka 2008, mtungi wa gesi, dawa ya mifugo au kilo ya nyama vilianza kusafiri bila mwenye navyo: unampigia bodaboda unayemjua, unamtumia hela, analeta. Safari anayopanga mwenyewe kwa simu humpunguzia kurudi mtupu, kwa hiyo huwa na bei nzuri kuliko ya kumkuta kijiweni. Mzee asiyejua kijana wa kumpigia analipa zaidi, au anakwenda kwa miguu. Treni ya abiria nayo ilirudi Arusha mwaka 2020, lakini hiyo ni habari ya wanaokwenda Dar es Salaam.

Limebaki suala la mgonjwa. Pikipiki haifai kwa aliyevunjika, asiyejitambua, wala mama aliyeshikwa na uchungu, hata kama ndiyo iliyo karibu. Kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura, namba ya m-mama ni 115, haina malipo, na panapokosekana gari la wagonjwa hupangwa gari la dereva wa jamii. Kwa wengine ni Noah au Probox ya jirani, na namba yake iwe imeandikwa mapema. Masika gari linaposhindwa kushuka, mgonjwa hupandishwa kwa machela ya miti miwili na blanketi hadi penye changarawe. Mpigieni mwenye gari kwanza, ndipo mtafute miti: wabebaji wanne hupatikana kwa dakika kumi, ila gari la kutoka Tengeru usiku lina kumwamsha dereva, kuweka mafuta, na kumweleza ni kona ipi mtakapokutana.